Swali Nililolisikia Baada ya Darsa

Ndugu msomaji, kisa ninachokuletea katika ukurasa huu wa familia kilianza kwa jambo lisilohusiana na familia yangu hata kidogo. Kilianza na kamati ya msikiti kutafuta njia ya kufundisha watu walio mbali bila ya kutoa senti. Kikaishia sebuleni kwa mama yangu, mbele ya daftari la kodi. Nimewaomba ruhusa wote wanaohusika kabla ya kuandika, nao wameniruhusu kwa sharti la kutotaja majina.

Miaka mitatu iliyopita waumini wa msikiti wetu, hapa Tanga, walinikabidhi ukatibu. Wazee waliona kuwa kijana aliyetoka chuo cha Kiislamu hatoshindwa na daftari la mahudhurio, barua za serikali ya mtaa na hesabu za sanduku la Ijumaa. Miongoni mwa mambo niliyoyakuta ni darsa ya mirathi, ambayo husomeshwa kila Jumamosi baada ya sala ya Isha na Maalim wetu mmoja mkongwe. Maalim huyu amevuka miaka sabini. Jicho lake la kushoto limeingia mtoto wa jicho, lakini akisomewa orodha ya warithi hutoa mafungu yao kichwani kabla ya mwanafunzi kufungua kalamu. Anaijua elimu hii kama mvuvi ajuavyo mkondo wa maji.

Tatizo lilikuwa wanafunzi. Waliokuwa wakihudhuria walikuwa wanaume kumi na wawili, wengi wao wazee waliokwisha kugawa au kugawiwa. Waliohitaji elimu hiyo hasa hawakuweza kuja. Walikuwapo akina mama wenye watoto wachanga, muuguzi mmoja wa Muheza mwenye zamu za usiku, vijana wetu walioko Muscat wakitafuta riziki, na dada zetu walioolewa Korogwe na Pangani. Hao walituma salamu mara kwa mara: je, hamwezi kutusomesha kwa simu, na je, asiyewahi hawezi kuwekewa darsa akaisikiliza baadaye?

Nilipolifikisha jambo hilo kwenye kamati, mwenyekiti alilipenda. Mweka hazina naye alilipenda, kisha akafungua daftari lake. Sanduku la Ijumaa hulipa maji, umeme, mlinzi na posho ndogo ya mwadhini. "Katibu," akaniambia, "tafuta cha bure. Kikipatikana cha bure, mimi ni wa kwanza kukuunga mkono." Nikaondoka na kazi hiyo.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bure ina milango mingi, na kila mlango una bawabu wake. Tulianza na simu ya pamoja ya WhatsApp kwa sababu kila mtu anayo. Lakini simu ya aina hiyo hupokea watu 32 tu kwa wakati mmoja, nasi tulikuwa tumeandikisha 57. Aliyechelewa kuswali hakupata nafasi. Haina kitufe cha kurekodi. Tena kila aliyemo kwenye kikundi huiona namba ya mwenzake, na akina mama wawili walijitoa siku ya pili baada ya kupokea ujumbe kutoka kwa mtu wasiyemfahamu. Sikuwalaumu. Mwanamke hakuja darsani ili namba yake igeuke kuwa mali ya umma.

Wiki iliyofuata nikajaribu programu ya mikutano ya video. Maalim alikuwa na mas'ala mazito usiku huo. Alichukua chaki akaandika ubaoni: mke, mabinti wawili, baba na mama. Hii ndiyo mas'ala mashuhuri ya mimbari, inayonasibishwa na Sayyidna Ali (RA), ambaye aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo. Mafungu yake yakijumlishwa hayatoshi katika 24. Huwa 27, na kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri ya haki yake, hata thumuni ya mke ikawa tusui. Maalim alikwisha kuandika 27, akageuka ili aeleze sababu, na hapo hapo muda wa bure ukamalizika na watu wote wakatolewa. Mzee aliendelea kufafanua kwa ufasaha mkubwa kwa dakika kumi mbele ya kioo kisichokuwa na mtu. Masharti yalikuwa yameandikwa. Mimi ndiye sikuyasoma. Niliona haya kumkatiza, na nilipomwambia alicheka akasema, "Basi na mimi nimepunguziwa fungu langu."

Tangu usiku ule nikaamua kusoma masharti kama nilivyofundishwa kusoma matini ya fiqhi, neno kwa neno. Nayaandika hapa niliyoyakuta ili mwenzangu wa msikiti mwingine asipoteze Jumamosi nne kama nilivyopoteza mimi. Naye ayahakiki tena kabla ya kuanza, maana makampuni hubadilisha masharti.

Zoom isiyolipiwa hupokea watu 100, ila kikao chake kina dakika 40. Hurekodi, lakini kwa anayetumia akaunti ya bure rekodi hiyo huhifadhiwa ndani ya kompyuta tu. Mwenye simu peke yake hawezi. Google Meet ya bure nayo hupokea watu 100 na hutoa dakika 60 kwa kikao cha watu watatu na kuendelea, lakini akaunti ya bure haina ruhusa ya kurekodi. Jitsi Meet ni programu huria: msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuutumia. Haina kikomo kifupi cha muda kama hizo mbili, na anayealikwa huingia kwa kubonyeza kiungo na kuandika jina alipendalo, bila ya akaunti wala namba ya simu. Anayefungua kikao ndiye anayetakiwa kujitambulisha kwa akaunti, utaratibu ulioanza mwaka 2023. Kurekodi kunawezekana kwa kutumia kivinjari cha kompyuta.

Ipo pia BigBlueButton, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Carleton kule Kanada kwa ajili ya kufundishia hasa. Ina ubao, ina mahali pa kunyoosha mkono, na hurekodi somo zima pamoja na maandishi ya ubaoni. Niliipenda sana. Lakini yenyewe ni ya bure kama kisima kilivyo cha bure: kamba na ndoo unanunua mwenyewe, kwa kuwa inahitaji seva yako na mtu wa kuitunza. Mweka hazina alitikisa kichwa kabla sijamaliza sentensi.

YouTube huruhusu kurusha moja kwa moja bila malipo, na kipindi kisichozidi saa 12 huhifadhiwa chenyewe baada ya kumalizika. Mtu anaweza kukiweka kisionekane ila kwa mwenye kiungo. Hata hivyo mwanafunzi hubaki kuwa mtazamaji anayeandika maoni, na sauti humfikia ikiwa imechelewa. Darsa ya mirathi bila maswali ni khutba. Na wazee wa kamati hawakutaka kitu kinachofanana na kituo cha matangazo, kwa sababu nchini kwetu utoaji wa maudhui mtandaoni una kanuni na leseni zake chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mwisho wa safari hiyo tulitulia kwenye Telegram. Kikundi chake kina mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja, msimamizi anaweza kuyarekodi, na faili humfikia yeye katika hifadhi yake mwenyewe. Mshiriki anaweza kuificha namba yake. Tukaamua pia kuachana na picha. Saa nzima ya sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 29, ilhali video ya saa moja hula mamia ya megabaiti. Mama anayenunua bando la siku hawezi kumudu kumtazama Maalim akipangusa ubao. Nikawa napiga picha ya ubao kila mas'ala inapokamilika na kuituma kikundini. Hapo wakaingia watu 60, na siku nyingine 70.

Sikukoma kukosea. Ili kupata rekodi safi zaidi niliweka OBS Studio kwenye kompyuta mpakato ya msikiti, programu ya bure isiyo na kikomo cha muda wala alama ya biashara juu ya kazi yako. Darsa ya kwanza niliyoirekodi kwayo ilitoka saa moja na robo ya ukimya kamili. Nilikuwa sikuchagua kipaza sauti. Wiki nyingine umeme ulikatika, na betri ya kompyuta ile haishiki chaji, faili likaharibika. Baadaye nilijifunza kuwa rekodi ikihifadhiwa kwa mfumo wa mkv badala ya mp4, kilichokwisha kurekodiwa husalimika hata mashine ikizimika ghafla. Na nilijifunza jambo jepesi kuliko yote: kuweka simu ya pili, kinasa sauti chake kikiwa kimewashwa, juu ya rundo la juzuu mbele ya Maalim. Simu hiyo haikuniangusha hata siku moja.

Kila Jumapili baada ya Alfajiri nilikaa na Audacity, programu nyingine ya bure ya kuhariri sauti, nikipunguza kelele za feni, nikiondoa kikohozi na pikipiki za barabarani, kisha nikaituma darsa kwa wasiohudhuria. Vijana wa Muscat walituma dua. Muuguzi wa Muheza alisema anasikiliza akiwa kwenye basi. Kusema kweli niliingiwa na furaha ya nafsi. Nilijiona mtumishi wa elimu.

Sasa nifikie nililokusudia.

Jumamosi moja kabla ya Ramadhani darsa ilihusu hiba na wasia. Usiku huo spika ya msikiti ilikuwa ikipiga kelele, nami muda wote nilikuwa nyuma ya mimbari nikihangaika na nyaya. Sikusikia lolote katika kipindi cha maswali. Siku ya pili nikakaa na rekodi kama kawaida. Katika dakika ya 52 akaingia mwanamke, jina lake la Telegram likiwa herufi moja tu. Akasalimu. Akavuta pumzi kidogo kabla ya kuuliza. Pumzi ile nikaitambua kabla ya neno.

Alisema: "Maalim, mtu amefariki akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Ameacha nyumba. Kijana amebaki humo na familia yake na mama yao, na anapokea kodi ya vyumba viwili vya mbele. Mwaka wa nane huu hakuna aliyezungumza. Dada zake wamenyamaza kwa sababu wanamwonea haya, na yeye ni mtu wa dini. Je, kunyamaza kwao kunahesabika kuwa ni ridhaa?"

Alikuwa dada yangu wa Korogwe. Nyumba ilikuwa ya baba yetu. Mtu wa dini alikuwa mimi.

Maalim hakujua anayeulizwa habari zake. Alijibu kwa utaratibu wake uleule. Akasema hiba haithibiti kwa haya. Mtu hawezi kusamehe fungu asilolijua kiasi chake, wala hasamehi aliyebanwa na aibu. Kwanza haki itamkwe na ikabidhiwe, kisha mwenye nayo, akiwa na uhuru wake, atoe au azuie. Akaongeza, "Na huyo kijana mwambieni aogope. Asidanganywe na nafsi yake kuwa anamtunza mama. Kumtunza mama ni wajibu wake. Hakuugeuzi wajibu ukawa hati ya nyumba."

Nilisimamisha rekodi. Mke wangu alikuwa jikoni akikaanga maandazi ya watoto. Nilisikia mafuta yakilia. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, kisha mara ya tatu.

Naomba nieleze nilivyokuwa nikijieleza mwenyewe kwa miaka ile minane. Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilirudi nyumbani, dada zangu wote wawili wakiwa wamekwisha kuolewa. Mama alikuwa katika eda. Nilisema tungoje eda iishe. Eda ikaisha, mama akaanza kuugua presha. Nikasema tusimsumbue kwa habari za kugawa nyumba ilhali yumo ndani yake. Kisha nikaoa, na vyumba viwili vya mbele nikavipangisha, shilingi elfu hamsini kila kimoja kwa mwezi. Fedha ile ilinunua dawa za mama, ndiyo, lakini ilinunua pia pikipiki yangu. Nimesoma mirathi darasani. Nimefanya mtihani wake na kufaulu. Aya za 11, 12 na 176 za Suratun-Nisaa nimezihifadhi tangu utotoni. Elimu haikunikosa. Nilichokikosa ni siku ya kuanza, na siku hiyo niliisogeza mbele mwenyewe kila ilipokaribia.

Kikanijia kishawishi ambacho sitakificha. Rekodi ile ilikuwa mikononi mwangu peke yangu. Programu ilikuwa imefunguliwa. Swali lile na jibu lake vilichukua dakika nne. Ningevichagua kwa kipanya, ningebonyeza mara moja, na katika darsa ya dakika 70 hakuna ambaye angejua. Ningeweza hata kujipa sababu ya sharia: kulinda siri ya familia, kumsitiri dada. Mkono ulifika kwenye kipanya. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kumiliki sauti za watu. Mimi niliyehangaika miezi kadhaa kutafuta chombo kisichokata maneno ya Maalim katikati, sasa nilitaka kuyakata mwenyewe.

Lakini kuiachia rekodi kama ilivyo nako kulikuwa dhulma. Watu 70 walikuwamo usiku ule, na wengine zaidi wangeisikiliza. Sauti ya dada yangu inajulikana Korogwe na Tanga. Yeye alificha jina lake, na hakuna aliyemwambia kuwa sauti itahifadhiwa na kupelekwa Muscat. Ndugu msomaji, katika miezi yote ile ya kurekodi sikuwahi hata mara moja kutangaza mwanzoni mwa darsa kuwa tunarekodi, wala kumuuliza muulizaji kama anaridhia. Dini yetu inakihesabu kikao kuwa ni amana. Na hata sheria ya nchi, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya msingi kwamba mtu ana haki na taarifa zake. Mimi nilisoma masharti ya makampuni neno kwa neno, nikasahau masharti ya wanafunzi wangu.

Sikuituma darsa Jumapili ile. Nilimpigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko? Mama hajambo?"

"Hatujambo. Dada, nimesikiliza darsa ya jana."

Alinyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akasema polepole, "Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza tangu jana. Usiku kucha sikulala nikingoja simu yako ya ukali."

"Dada, mimi ndiye wa kuogopa. Niambie ni lini wewe na mdogo wetu mnaweza kuja nyumbani."

Akalia. Sikumwona dada yangu akilia tangu siku ya maziko ya baba. Akaniambia kuwa hakuwa na haja ya nyumba. Mumewe alikuwa na deni la ada ya shule, na yeye aliona uzito kuniomba mkopo wa fedha ambayo hakujua kama sehemu yake ni yake. Alitaka kujua tu. Alijiunga na darsa yetu kupitia simu ya binti yake kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoiona ya kuuliza bila ya kunivunjia heshima mbele ya watu.

Walikuja wiki mbili baadaye. Tulikaa sebuleni, mama juu ya kiti chake, sisi watatu juu ya jamvi. Nilimwomba Maalim aje, nikamweleza kuwa yule kijana ni mimi. Alinitazama kwa jicho lake moja zima, akasema, "Alhamdulillahi, rekodi yako inafanya kazi."

Kisha akafanya hesabu. Babu na bibi walikwisha kutangulia kabla ya baba, na baba hakuacha deni wala wasia. Mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Asili ya mas'ala ni 8: fungu moja la mama, na saba zinabaki kwa watoto, wa kiume sawa na wa kike wawili. Saba hazigawanyiki kwa vichwa vinne, basi mas'ala husahihishwa hadi 32. Mama mafungu 4, mimi 14, dada zangu 7 kila mmoja. Nami nikafungua daftari la kodi. Miezi 96 kwa shilingi laki moja ni shilingi 9,600,000. Fungu moja likawa shilingi 300,000. Haki ya mama ni 1,200,000, yangu 4,200,000, ya kila dada 2,100,000. Nilikuwa nimekula shilingi 4,200,000 za dada zangu, sawa kabisa na kiasi kilichokuwa halali yangu.

Mama alisema fungu lake limekwisha kumrudia katika dawa na chakula, na ananisamehe lililozidi akiwa analijua. Dada mdogo alitaka kusamehe palepale. Maalim akamzuia kwa upole: "Shika kwanza. Ukishika, utatoa ukipenda." Tukakubaliana nyumba isiuzwe maadamu mama yu hai na ndiyo ridhaa yake. Kuhusu vyumba ninavyokaa na familia yangu, dada zangu waliridhia kwa maandishi, kwa kuwa mama yumo nasi. Kodi ya vyumba vya mbele sasa hugawanywa kila mwezi: mama 12,500, kila dada 21,875, na zangu 43,750. Hizo zangu nazo nawapelekea wao kulipa deni. Ukipiga hesabu utaona kwamba litaisha baada ya miezi 96. Miaka minane nilikula, na miaka minane nitalipa, Allah (SWT) akinipa umri. Ada ya shule ya Korogwe niliilipa kwa kuuza pikipiki.

Ile darsa ilibaki. Nilimuuliza dada anataka nini, naye akasema swali lisifutwe, maana huenda yuko mwenzake asiyethubutu kuuliza. Basi mke wangu alilisoma upya kwa sauti yake, bila ya idadi ya miaka wala vyumba, nikaliweka mahali pake, na jibu la Maalim likabaki lilivyo. Faili la asili nilimpelekea dada, kisha nikalifuta kwenye kompyuta na kwenye simu zote mbili, mwenyekiti akishuhudia.

Kamati nayo ikapitisha utaratibu ambao tunaufuata hadi leo. Kila darsa huanza kwa tangazo kuwa inarekodiwa. Rekodi husimamishwa wakati wa maswali, ila muulizaji akiridhia. Asiyetaka sauti yake isikike huandika kwa msimamizi wa kike, naye ndiye husoma swali. Rekodi huhifadhiwa mahali pawili, na wanaozigusa ni watu wawili, si katibu peke yake. Haya yote hayakutugharimu senti, isipokuwa bando la msimamizi, ambalo mweka hazina alikubali kulilipa siku aliposikia kisa hiki.

Maalim ameendelea. Sasa anasomesha mirathi ya akina babu pamoja na ndugu, mlango ambao wanafunzi wengi huukimbia. Jumamosi iliyopita mwanamke mmoja wa Pangani aliandika swali lake kwa msimamizi, na kabla halijasomwa kaka yake, aliyekuwa amekaa safu ya pili msikitini, aliinua mkono akaomba kuuliza yeye. Lilikuwa swali lilelile.

Nawe ndugu msomaji, ikiwa katika nyumba unayolala usiku huu lipo fungu la mtu aliyenyamaza kwa kukuonea haya, usingoje kuisikia sauti yake kwenye rekodi. Mpigie.

Wabillahi tawfiiq.